Masikio Manne

Kwenye kichwa chake palikuwa na masikio manne.
Sasa, ukihesabu vizuri, ni moja na ubishi:
moja limeng'oka na skrubu zake,
moja linazunguka tupu kama ulimi wa mlevi,
na la so, lile la juu, si sikio kabisa,
ni kijiti cha mbuni
alichokichonga shangazi Apaikunda kwa kisu cha kumenyea ndizi
mwaka ambao kahawa haikulipa.

Nimeilaza ukulele mezani, juu ya gazeti,
hapa Rau, Jumamosi, nguo zikiwa bado kwenye beseni.
"Sikio la kufa," kaka yangu Ndelilio kasema mlangoni,
"halisikii dawa. Tupa. Agiza mpya Arusha."
Lakini mimi nauza duka la dawa.
Nimeona masikio yaliyotoka usaha
yakisikia, wiki ya pili, mtu akinong'ona bei.

Memorial, kwenye rundo la mitumba,
nilipata gita la mtoto, kifua kimekanyagwa, kichwa kizima.
Muuzaji alitaka elfu kumi na tano.
Nikamwambia sinunui gita, nanunua masikio.
Akacheka, akaniachia kwa sita.

Matatu kwenye bati moja, matatu kwenye la pili,
kama watoto walioambiwa washikane mikono.
Ukulele inataka mawili huku, mawili kule.
Godlisten wa jirani, fundi simu,
aliniazima bisibisi nyembamba kama mguu wa mbu,
msumeno wa chuma akaukamata mwenyewe.
Mawili yaliyozidi nimeyatia kwenye kikopo cha vifungo.
Sijui yatasikiliza nini humo.

Matundu ya zamani yalikuwa yamepwaya.
Nikayajaza njiti za kiberiti na gundi ya mbao,
nikangoja.
Kungoja ni sehemu ya kazi ambayo hakuna anayeilipia.

Kisha kijiti cha mbuni. Kiligoma.
Nikakishika kwa koleo, kikalia, kikatoka,
na karatasi ikatoka nacho,
imeviringwa shingoni mwake ili kibane,
kahawia, karibu iwe ganda.
Nikaikunjua kwa kisu cha kuhesabia vidonge.
Wino wa bluu. Mwandiko si wake.
Maneno matatu na kipande cha la nne:

"Kunda, usije Jumapili, ni"

Hapo mkasi ulipita.

Miaka yote ile akitufundisha so, do, mi, la
nyuma ya kanisa, watoto kumi na wawili mkeka mmoja,
so yetu ilikuwa imebanwa na hilo.
Hakuolewa. Sisi tulisema anajidai.
Mama alisema ana kiburi cha watu wenye vidole virefu.
Hakuna aliyeuliza Jumapili ipi,
wala mimi, niliyekaa karibu naye kuliko wote
kwa sababu alikuwa na pipi mfukoni.

Nikafunga masikio mapya.
La kwanza nililifunga kinyume:
nikikaza linalegeza, nikilegeza linakaza.
Nikafungua. Nikatukana kidogo. Nikaanza upya.

Saa mbili usiku do ikakubali. Mi. La.
So ikapanda, ikakaa.
Nikaenda kuepua maharage,
niliporudi ilikuwa imeshuka.
Nyuzi mpya ndivyo zilivyo, zinajinyoosha kwanza,
hazijaamini kama zimefika.
Nikaipandisha. Ikashuka.
Nikaipandisha, nikazima taa nisiione.

Karatasi iko kwenye kikasha cha miwani yangu.
Ndelilio sijamwonyesha.
Kijiti kiko dirishani, kimepinda upande mmoja
pale kidole gumba chake kilipozoea.

Sasa ni asubuhi, kengele ya kwanza imeshalia,
na so, bila shaka, imeshuka tena.
Nashika sikio jipya, baridi, nazungusha robo,
naisemesha kama mtu aliyesimama kizingitini.
Njoo, naiambia.
Bado.
Njoo kidogo.